Magnum au ya kawaida? Tathmini ya risasi za kuwindia wanyama wakubwa Uganda

Kwa mwindaji mwenye kibali anayeelekea ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo, Kabwoya ukingoni mwa Ziwa Albert, au nyika za Karamoja, swali la risasi huja kabla ya swali la bunduki. Hukumu tunaiweka mwanzoni ili msomaji asihangaike kuitafuta. Kwa swala wote, kuanzia pongo hadi pofu, .30-06 yenye kichwa kilichoundwa vizuri, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka na kumpiga mnyama, inatosha na kubakiza (namba inayoanza na nukta hutaja kwa takriban kipenyo cha kichwa kwa inchi). Kwa mbogo, chukua .375 H&H Magnum. Zile magnum za kasi zilizo kati yao, yaani .300 Winchester Magnum na 7mm Remington Magnum, ni risasi nzuri zilizoletwa mahali pasipo na kazi yao, isipokuwa kona moja ya nchi tutakayoifikia.

Sababu iko kwenye ardhi yenyewe. Mburo ni vilima, migunga na vichaka vinavyofungana. Swala pala na pongo hupigwa kati ya mita 60 na 150. Nzohe hutafutwa kwenye mafunjo, mwindaji akiwa juu ya jukwaa, na hujitokeza kwa dakika chache alfajiri au jioni kwenye uwazi mdogo wa majani. Mbogo hufuatwa kwa miguu hadi mita 70, mara nyingi chini ya hapo, kwa sababu majani marefu ya baada ya mvua hayakuruhusu umwone mbali zaidi. Kwenye masafa hayo, kasi ya ziada unailipia kwa bega lako na hupati kitu.

Na makosa yana bei. Uwindaji wa kitalii ulifungwa nchini mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kando ya Mburo, na sasa unasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Mnyama huwindwa kwa kibali, kwa idadi iliyopangwa, askari wa wanyamapori akiwepo. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea kwa kawaida hulipiwa kama aliyeuawa. Anayepaswa kumfuata mbogo huyo kichakani ni mfuatanyayo na mwongozaji, na jambo hilo ni zito kuliko malipo.

Neno moja, familia mbili

Neno magnum lilikuwa la chupa kubwa ya mvinyo kabla watengenezaji risasi wa Uingereza hawajaliazima kwa ganda kubwa lenye baruti nyingi. Tangu hapo limebandikwa kwenye risasi za aina mbili tofauti kabisa, na mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Familia ya kwanza ni magnum za kasi. Hizi huchukua kichwa kilekile cha risasi ya kawaida na kukisukuma kwa baruti zaidi. .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 inarusha vichwa vyenye kipenyo kilekile cha .30-06 ya mwaka 1906. Kilichoongezeka ni ganda na moto. Familia ya pili ni magnum za uzito: .375 H&H ya mwaka 1912, .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956. Hizi zinarusha kichwa kinene na kizito kwa kasi ya wastani.

Kisha kuna risasi ambazo hazina jina la magnum na bado zina nguvu kuliko nyingi zenye jina hilo. .416 Rigby ya mwaka 1911 haina mshipi kitakoni, ile pete ya chuma inayozunguka kitako cha ganda, wala neno magnum kwenye boksi, lakini ni kubwa kuliko .375. .404 Jeffery, iliyoshikwa sana na maafisa wa idara za wanyamapori Afrika Mashariki enzi za ukoloni, nayo haina jina hilo. Basi anayeuliza "magnum au ya kawaida?" aulize kwanza: kichwa kina uzito gani, kimeundwaje, na kitafika mfupani kwa kasi gani?

Tuweke namba mezani. Greni moja ni gramu 0.065. .30-06 yenye kichwa cha greni 180, sawa na gramu 11.7, hutoka mtutuni kwa takriban mita 820 kwa sekunde na kubeba jouli 3,950 hivi. .300 Win Mag hukirusha kichwa hichohicho kwa mita 900 na kufikisha jouli 4,750. Sasa itazame 9.3x62, risasi isiyo na jina la magnum: greni 286, gramu 18.5, mita 720 kwa sekunde, jouli takriban 4,800.

Kwa jouli, hizo mbili za mwisho ni sawa. Mbele ya bega la mbogo si sawa hata kidogo. Hesabu ya jouli huizidisha kasi kwa kasi yenyewe, kwa hiyo huipa sifa kubwa kuliko inavyostahili ndani ya nyama na mfupa. Kichwa cha 9.3 kina uzito wa zaidi ya mara moja na nusu ya kile cha .300, na kila mraba wa uso wake unasukumwa na uzito mwingi zaidi nyuma yake. Wapigaji huliita hilo msongamano wa kichwa: greni 180 ya .30 ina 0.271, greni 286 ya 9.3 na greni 300 ya .375 zote zina 0.305, greni 400 ya .416 ina 0.330; greni 500 ya .458 ina 0.341. Kadiri namba inavyopanda, na kichwa kikiwa imara, ndivyo kinavyozama ndani zaidi bila kukengeuka.

Na faida ya kasi kwenye masafa? Ukipanga darubini ya .30-06 na ya .300 Win Mag zote zipige katikati kwenye mita 183, ile ya kwanza huwa imeshuka kama sentimita 21 kwenye mita 274, na ya pili kama sentimita 17. Tofauti ni sentimita nne, upana wa vidole viwili, kwenye umbali ambao wawindaji wengi wa Uganda hawatapiga hata mara moja katika safari nzima. Kwenye mita 120 tofauti hiyo haionekani kabisa.

.308 na .30-06: farasi wa kazi

.308 Winchester ilitoka mwaka 1952, ganda lake milimita 51 dhidi ya milimita 63 za .30-06. Inapungukiwa kidogo tu kwa kasi, bunduki yake ni fupi, bolti yake, komeo linalovutwa kwa mkono kupakia risasi, inasafiri hatua fupi, na teke lake ni dogo. Kwa swala pala, pongo, taya, tohe, ngiri na kobu, yule swala wa kwenye nembo ya taifa, hakuna sababu ya kubeba kitu kingine. Chagua greni 165 au 180. Greni 150 inafaa kwa wadogo, lakini mnyama akikusimamia kimshazari na kichwa kikalazimika kupita begani, utatamani ungekuwa na kile kizito.

.30-06 ndiyo tunayoipa alama ya juu kwa wanyama wasio wa hatari. Ikiwa na kichwa cha greni 180 cha aina ya Nosler Partition, Swift A-Frame au Barnes TSX, inawatosha kongoni, kuro wa kilo 250, na pofu, ambaye dume lake hupita kilo 700. Kwa pofu usitumie kichwa cha bei nafuu chenye madini laini ya risasi ndani ya koti jembamba la shaba. Kichwa hicho huchanua upesi, hupoteza karibu nusu ya uzito wake kwenye mfupa wa bega, na vipande huishia juu juu. Kwa swala wa kilo 60 aliyepigwa nyuma ya bega kichwa hichohicho hufanya kazi safi, na ndiyo maana watu hukisifu halafu wakashangaa siku ya pofu.

Vichwa vya shaba tupu kama TSX huhifadhi karibu uzito wote, kwa hiyo unaweza kushuka ngazi moja: greni 165 au 168 hufanya kazi ya 180 ya kawaida. Lakini vinahitaji kasi ya kutosha ili vichanue, na huacha mabaki ya shaba mtutuni. Ukihama kutoka vichwa vya madini ya risasi kwenda vya shaba, safisha mtutu hadi kitambaa kitoke bila rangi ya kijani au buluu, kisha piga risasi tatu hadi tano kabla ya kupanga darubini, la sivyo kundi la matundu litakuhamia bila wewe kuelewa kwa nini.

Nzohe anahitaji maelezo yake. Si mnyama mkubwa, dume ni kilo 100 hivi, lakini akitembea mita 40 ndani ya mafunjo umempoteza. Maji hufuta damu, na sakafu yenyewe inaelea na kuzama chini ya mguu. Hapa usipige nyuma ya bega kama ufanyavyo kwenye nchi kavu. Piga katikati ya bega lenyewe, ili uvunje mifupa ya mbele na aanguke alipo. Nyama ya bega itaharibika kiasi, na ni afadhali hivyo. Kwa kazi hiyo kichwa imara cha greni 180 kwa mwendo wa .30-06 kinafaa kuliko kichwa laini kwa mwendo wa .300, ambacho kikigusa mfupa kwenye mita 70 kinaweza kupasuka kabla ya kufika bega la pili.

.300 Win Mag na 7mm Rem Mag

Tumekwisha kusema kasi haina kazi kubwa hapa. Kuna ubaya zaidi: kwenye masafa mafupi kasi inakuwa tatizo. Kichwa cha kawaida cha greni 150 kinachotoka kwa karibu mita 1,000 kwa sekunde hakikutengenezwa kwa ajili ya bega la kongoni kwenye mita 40. Huvunjika, na nyama inayozunguka jeraha hujaa damu iliyoganda kwa upana wa viganja viwili. Pale ambapo nyama inagawiwa wanakijiji, hasara hiyo haivumiliki.

Mitutu nayo. Baruti nyingi ya .300 inahitaji sentimita 61 hadi 66 za mtutu ili iungue yote. Ukikata mtutu hadi sentimita 51 ili upite vizuri kichakani, unapoteza kama mita 8 hadi 12 kwa sekunde kwa kila inchi, na umebaki na mwendo unaoikaribia .30-06 yenye mtutu mrefu, pamoja na mwako na kishindo cha magnum. Magazini hubeba risasi tatu mahali pa nne au tano. Teke, kwenye bunduki ya kilo 3.8 hivi, ni karibu jouli 35 dhidi ya 27 za .30-06.

Kona tuliyoitaja ni Karamoja. Kwenye tambarare za Pian Upe wakati wa kiangazi, majani yakiwa yameungua, pofu au kongoni anaweza kukusimamia mita 250 bila kichaka cha kukusogeza. Na kwenye miteremko ya mawe ambako tohe wa milimani anapatikana, upepo huvuma na umbali hudanganya. Hapo .300 inalipa, mradi mpigaji amezoea masafa hayo. Ikiwa ndiyo bunduki uliyo nayo tayari, usiiuze: nunua vichwa imara vya greni 200. Vitapunguza mwendo hadi mita 850 hivi kwa sekunde, na kwa kupunguza mwendo vitaifanya iwe risasi nzuri zaidi kwa nchi hii. .338 Winchester Magnum ya mwaka 1958 yenye greni 250 ni bora kuliko zote mbili kwa pofu, ila teke lake limeshaanza kuisogelea .375, na haikuruhusu mbogo pale ambapo .375 ndiyo kiwango cha chini. Kwa hiyo ukifika huko, malizia hatua hadi .375.

9.3x62, bila sifa nyingi na bila kasoro nyingi

Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliiunda mwaka 1905 kwa walowezi wa Kijerumani waliokuwa Afrika na waliotaka risasi nzito inayoingia kwenye Mauser 98 ya urefu wa kawaida, bunduki ya bei ambayo mkulima angeweza kuimudu. Kazi hiyo inaifanya mpaka leo. Mgandamizo wa gesi ya baruti yake ni wa wastani, teke lake ni la kusukuma zaidi kuliko la kupiga, bunduki yake ni nyepesi na fupi, na kichwa chake kina msongamano uleule wa .375. Kwa pofu, kuro na ngiri wa kichakani ni raha kuitumia.

Tatizo lake ni la kisheria zaidi ya kimwili. Katika nchi nyingi za Afrika kiwango cha chini kwa wanyama wa hatari ni .375, na kipenyo cha 9.3 ni .366. Baadhi ya nchi zimeiachia mlango maalumu. Kwa Uganda, soma masharti ya kibali chako na makubaliano na mwongozaji kabla ya kuipakia; waongozaji hudai .375 kwa mbogo, na ni haki yao kwa kuwa wao ndio wanaoingia kichakani jambo likiharibika.

.375 H&H Magnum

Hii ndiyo magnum inayostahili jina. Greni 300, gramu 19.4, mita 770 kwa sekunde, jouli zinazokaribia 5,800. Ganda lake limechongoka taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni, umbo ambalo huonekana la kizamani karibu na magnum mpya zenye mabega makali, lakini lina faida mbili: huteleza kuingia chemba, tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi, bila kugoma, na hutoka kirahisi hata chemba ikiwa na vumbi au joto. Mshipi ulio kitakoni ulihitajika kwa sababu bega la mteremko namna hiyo haliwezi kuizuia risasi isizame chemba kupita kiasi. Mshipi ndio unaoishika mahali pake. Kwenye .300 Win Mag na 7mm Rem Mag, ambazo mabega yao yanatosha kabisa, mshipi umebaki pambo la kurithi.

Watu hudhani .375 ni ya karibu tu. Njia yake hewani hadi mita 250 inafanana sana na ya .30-06 ya greni 180. Ukiipanga ipige katikati kwenye mita 100, na ukijua kwamba kwenye mita 200 itakuwa imeshuka kama upana wa kiganja na nusu, unaweza kumwinda swala pala asubuhi na mbogo jioni kwa bunduki moja. Na kwa kuwa kichwa ni kizito na hakiendi kwa kasi ya kupasua, nyama inayotupwa kuzunguka tundu ni kidogo kuliko ya .300. Anayeruhusiwa bunduki moja tu kwa safari ya wanyama mchanganyiko, hii ndiyo.

Kwa mbogo, ya kwanza iwe kichwa laini, yaani kinachochanua kikigonga, lakini kilichoundwa imara: A-Frame, TSX, Trophy Bonded Bear Claw au Woodleigh, greni 300. Zinazofuata magazinini ziwe ngumu zisizochanua. Sababu ni kundi. Kichwa kigumu hupita upande hadi upande na kumjeruhi aliyesimama nyuma, ambaye hukumwona. Mbogo wa kwanza akishageuka na kukimbia, anakuonyesha matako, na hapo ndipo kile kigumu kinapohitajika ili kipite tumbo lililojaa majani mabichi hadi kifuani. Mlenge akiwa amesimama ubavu, fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi moja ya kimo cha mwili. Moyo wa mbogo uko chini kuliko wengi wanavyodhani. Kosa la kawaida ni kulenga katikati ya urefu wa bega, na risasi ikapita juu ya moyo, au mbaya zaidi, juu ya uti wa mgongo, mahali ambapo mnyama huanguka, kisha akainuka.

Pima vichwa laini na vigumu kwenye mita 50 kabla ya safari. Kwenye bunduki nyingine hupiga mahali pamoja. Kwenye nyingine huachana sentimita 8, na ukijua hilo unabadilisha aina ya kichwa, usijaribu kukumbuka tofauti hiyo mbele ya mbogo.

.416 na .458

Hizi tunazipitia haraka kwa sababu ni silaha za mwongozaji. .416 Rigby na .416 Remington Magnum ya miaka ya 1980 hurusha greni 400 kwa mita 730 hivi. Tofauti iko ndani: Rigby hufanya hivyo kwa kikomo cha mgandamizo cha bari 3,250, Remington kwa bari 4,300 katika ganda dogo zaidi. Kwenye joto hiyo ni tofauti ya maana, tutaieleza chini. .458 Winchester Magnum hutoa greni 500 kwa takriban mita 620 hadi 640, na kwenye mtutu mfupi hushuka zaidi. Ganda lake ni fupi kwa kazi inayodaiwa, baruti hushindiliwa, na risasi za zamani zilipata sifa mbaya baruti ilipogandamana. Dawa yake ni .458 Lott yenye ganda refu, inayofika mita 700, na bunduki yake hupokea pia .458 Win Mag ya kawaida ukikosa za kwake. Teke la hizi zote ni jouli 75 na kuendelea. Mgeni anayepiga mara chache kwa mwaka asizikaribie.

Kuhusu Bell wa Karamoja

Kila mjadala wa risasi ndogo hapa huishia kwa W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 hadi eneo hilo likawa jina lake. Aliua tembo zaidi ya elfu moja katika maisha yake, wengi kwa 7x57 Mauser, risasi ndogo kuliko .30-06. Basi kwa nini tudai .375 kwa mbogo?

Kwa sababu Bell alitumia vichwa vigumu virefu vya greni 173, akalenga ubongo, akiwa ameipasua na kuichunguza mifupa ya vichwa vya tembo hadi akaujua ubongo ulipo kutoka kila upande. Aliwinda kwa miezi mfululizo, makundi ambayo hayakuzoea bunduki, na akiona upande wa kulenga haufai aliacha na kungoja. Mwindaji wa siku saba mwenye kibali cha mbogo mmoja, jua likizama, mnyama akiwa amefichwa nusu na migunga, hana hata kimoja katika hivyo. Funzo la Bell ni kwamba kichwa kilichoundwa vizuri kikifika mahali pake hakihitaji baruti nyingi. Hakusema kipenyo hakina maana kwa mtu asiyejua anapiga wapi.

Yanayoharibika, na kwa nini

Bolti kutovutwa hadi mwisho. .375 ina urefu wa milimita 91 kutoka ncha hadi kitako, .308 milimita 71. Mkono uliozoea .308 huivuta bolti hatua fupi, husimama kabla risasi mpya haijainuka, na kusukuma mbele chemba tupu. Unabonyeza kifyatulio, unasikia kliki, na mbogo anakuangalia. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, bunduki ikiwa begani, bila kuishusha, kwa risasi bandia, mara 50 kila siku kwa wiki mbili. Vuta kwa nguvu hadi chuma kigonge chuma. Bunduki yenye kucha kubwa la Mauser linaloshika kitako cha risasi tangu inapotoka magazinini ni afadhali kwa mbogo, kwa sababu hata ukisita katikati haiwezi kuokota risasi ya pili juu ya ile iliyokwama.

Kushtuka kabla ya mlio. Hili ndilo linalowafanya watu wakose kwa magnum, wala si risasi. Mwambie mwenzako akuwekee risasi bandia kati ya za kweli bila wewe kujua ziko wapi. Mdomo wa mtutu ukizama siku ya kliki, unashtuka. Rudi kwenye .22 au .308 kwa risasi 60, kisha upande tena. Usipige .375 zaidi ya risasi 10 au 12 kwa kikao, na usipige ukiwa umekaa mezani zaidi ya inavyohitajika kupanga darubini; mezani mwili haupi nafasi ya kurudi nyuma na bega hubeba lote. Mazoezi yenyewe yawe ya kusimama, juu ya miti mitatu ya kuegemeza, mita 50 hadi 100. Risasi tano mfululizo ndani ya sahani ya chai, au uchukue bunduki ndogo zaidi. Kipunguza teke kilichofungwa mdomoni hupunguza maumivu lakini huelekeza kishindo kwenye masikio ya mfuatanyayo aliyesimama kando yako. Kifungue kabla ya kuingia porini.

Darubini. Kwa .375, chagua ile ya kukuza mara 1 hadi 4 au 1.5 hadi 5, yenye nafasi ya sentimita 9 au zaidi kati ya jicho na kioo. Iliyo karibu zaidi itakukata nyusi, hasa ukipiga kuelekea juu ya kilima. Skrubu za mishikio zikaguliwe baada ya risasi 10 za kwanza na tena ukifika kambini, kwa sababu barabara ya vumbi hulegeza kilichosalimika na teke.

Joto. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana wa Karamoja hupata joto la kukataa kushikwa. Baruti iliyopashwa huungua kwa kasi, mgandamizo hupanda, na zile zilizo karibu na kikomo chake, magnum nyingi za bari 4,300, huanza kuonyesha dalili: bolti ngumu kuinua, fataki (kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda) iliyobapa. Bolti ikigoma baada ya risasi ya kwanza, ya pili haipo. Beba risasi kwenye mkanda wa ngozi kivulini, au ndani ya sanduku la baridi lisilo na barafu. .416 Rigby, yenye mgandamizo mdogo tangu enzi za baruti zilizoathiriwa sana na joto la tropiki, ndiyo inayovumilia zaidi.

Vichaka. Hakuna risasi inayokata majani na vijiti bila kukengeuka, iwe .308 au .458. Nene na nzito hukengeuka kidogo pungufu, basi. Ngoja uwazi.

Za kufunga begi

Silaha huingia nchini kwa kibali cha muda, na Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 haina mzaha na namba ya bunduki isiyolingana na karatasi. Namba ya mtutu, aina ya risasi na idadi zilingane hadi herufi ya mwisho, ".300" peke yake haitoshi, kwa maana kuna .300 H&H na .300 Win Mag, na haziingiliani. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, ndani ya boksi lake la kiwandani, zikiwa zimefungiwa mbali na bunduki. Risasi moja ya .375 ina kama gramu 40, kwa hiyo boksi la 20 linakaribia kilo moja.

Kwa siku saba za mbogo mmoja na swala wanne au watano, 40 za .375 zinatosha: 5 za kuhakikisha darubini baada ya kutua, 20 laini, 10 ngumu, 5 za akiba. Laini zote ziwe za kundi moja la kiwandani, na ngumu vivyo hivyo, kwa namba iliyogongwa ubavuni mwa boksi, kwa sababu kundi jingine la jina lilelile linaweza kupiga sentimita 4 pembeni kwenye mita 100.